Kioo Chembamba Nyuma ya Sikio la Mama

Mimi hufundisha elektroniki katika chuo cha ufundi hapa Nakuru mjini, na kila muhula kuna somo moja nisilolipenda. Zamani nililipenda kuliko yote. Ni somo la ngozi ya oksidi iliyo ndani ya transista. Siku hizi nikikaribia hapo natamani niumwe na tumbo, mwenzangu anishikie darasa, lakini mwenzangu hayupo, niko peke yangu kwenye idara. Basi nashika chaki na kuanza.

Somo lenyewe si gumu. Transista ni kama geti la ploti. Askari akiambiwa fungua, watu wanapita. Akiambiwa funga, hapiti mtu. Amri inatoka kwenye kisahani kidogo kilicho juu, na kati ya kisahani hicho na njia ya elektroni kuna ukuta wa kioo. Ni kioo kweli, oksidi ya silikoni, ndugu wa kioo cha dirisha lako. Kazi yake ni kupitisha amri bila kupitisha stima. Sasa watengenezaji walitaka transista ndogo zaidi, isiyomaliza betri, na ili amri hafifu isikike upande wa pili ilibidi ukuta upunguzwe. Wakapunguza, wakapunguza, mpaka ukabaki unene wa atomu chache tu.

Hapo ndipo shida zinapoanza. Ukuta mwembamba namna hiyo elektroni hazihitaji kuuvunja, unazikuta tu ziko upande wa pili. Geti limefungwa na watu wanapita. Halafu kuna cheche. Ile cheche ndogo unayoisikia ukivua sweta wakati wa kiangazi, tra tra tra, wewe unaona ni mchezo, lakini kwa ukuta huo ni radi. Inautoboa. Na ubaya wake ni kwamba transista iliyotobolewa kidogo haifi siku hiyo. Inaendelea na kazi, inavuja polepole, na hakuna anayejua.

"Madam, si unatoa tu unaweka ingine?" mwanafunzi mmoja huuliza kila mwaka. Si yule yule, lakini swali ni lile lile.

"Na ikiwa iko ndani ya chipu pamoja na wenzake maelfu, na chipu imemwagiwa gundi nyeusi, utaitoa na nini, na kijiko?"

Wanacheka. Mimi nafuta ubao kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Najua mdomo wangu ni mkali, hata mama alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa nimekasirika. Ila somo hili linanichoma kwa sababu nililiona likitokea nyumbani kwangu, nyuma ya sikio la mama, na mimi mwenye cheti ukutani sikuweza kulizuia.

Mama alikuwa mwanzishi wa nyimbo. Katika umoja wa akina mama wa kanisa lao, kule Rongai, yeye ndiye aliyefungua wimbo na wengine wakaitikia. Kazi hiyo hupigiwi kura. Siku moja unaanzisha, watu wanaitikia vizuri, Jumapili inayofuata wanakugeukia tena, na hivyo ndivyo unavyozeeka nayo. Kulia kwake alikaa rafiki yake, jirani yake wa shamba tangu mimi sijazaliwa. Sisi watoto tulimwita Mama wa Juu kwa sababu shamba lake lilikuwa upande wa juu wa letu. Huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitikia. Mama alikuwa hajamaliza pumzi ya kwanza, Mama wa Juu keshaidaka.

Masikio ya mama yalianza kuisha taratibu. Mwanzoni alilalamika kwamba watu siku hizi wananong'ona, kwamba pasta mpya hana sauti, kwamba redio imeharibika na niifungue. Niliifungua. Redio haikuwa na shida. Kanisani akaanza kuanzisha nyimbo juu mno, mahali ambapo hakuna koo la mwanadamu linalofika, na Mama wa Juu akaitikia huko huko juu, kwa hiyo wote wakalazimika kumfuata. Akina mama wazima, mishipa imewatoka shingoni, wanalia kama paka. Nilikuwa nimekaa nyuma nikajikaza nisicheke. Baada ya ibada nilimwuliza Mama wa Juu kwa nini hakushusha.

"Nimshushie nani?" akasema. "Mwanzishi ameanza. Wewe mambo ya nyimbo huyajui, kaa na waya zako."

Baadaye nilimhamishia mama kwangu Lanet, maana mtu asiyesikia pikipiki ikija nyuma yake hawezi kuachwa peke yake shambani. Hakupenda. Tulikubaliana kwamba nitakuwa nikimrudisha Rongai Jumapili za umoja wao. Wakati huo ndipo alipopata kifaa cha kusikilizia, kwenye kambi ya matibabu iliyokuja kanisani. Kilikuwa kidogo, rangi ya ngozi, kinakaa nyuma ya sikio kama punje ya haragwe. Siku ya kwanza kuvaa alisimama jikoni akisikiliza sufuria ikichemka. Alisimama mpaka ugali wangu ukachelewa. "Kumbe maji huongea hivi," akasema, na nilifurahi mno, sitadanganya, nilitoka nje nikalia karibu na tangi la maji.

Mama alikipenda kile kifaa akakitunza kwa akili zake zote. Na hapo ndipo alipokiua. Akikivua alikipangusa kwa pindo la sweta, sweta yake ya nailoni, akakizungusha ndani ya karatasi ya mkate, ile nailoni laini ya kufungia mkate inayolia ukiishika, halafu akakifunga kwenye leso na kukitia kifuani, mahali ambapo akina mama wa kwetu huweka kila kitu cha thamani. Karatasi ya mkate ilikuwa ya kuzuia jasho na vumbi. Januari ya Lanet unaijua, upepo mkavu, vumbi linaingia hata kwenye sukari. Ngozi inapasuka, nywele zinasimama, kila ukigusa mlango wa gari unapigwa. Katika hewa kama hiyo, nailoni ikisuguana na nailoni ni kiwanda cha stima. Nilimkuta siku moja anakitoa kifuani, karatasi inalia, nikaona cheche ikiruka kutoka kidoleni mwake. Ilikuwa ndogo, ya bluu.

"Mama, usikiweke humo tena."

"Humo ndimo hakiibiwi."

"Stima ya nailoni itakiua."

Akaigeuza ile karatasi huku na huku. "Stima? Waya uko wapi?"

Chuoni hatugusi chipu bila kuvaa mkanda wa mkononi wenye waya unaoshuka ardhini. Nilimletea mama mmoja. Nikamvalisha, nikafunga waya kwenye bomba la maji, nikamwambia kila akikivua kifaa akae hapo. Alikaa. Aliniangalia, akaangalia bomba, akaangalia waya.

"Umenifunga kama mbuzi," akasema. "Sasa lete majani."

Tulicheka wote wawili. Hatukuutumia mkanda ule tena. Karatasi ya mkate aliiacha, hilo alinikubalia, lakini kitambaa cha kichwa alikataa katakata. Kitambaa cha umoja wao ni cheupe chenye ukingo wa zambarau, poliesta tupu, na hufungwa kikabana masikio. Kila Jumapili kilikivuta kile kifaa na kukisugua. Nilimwambia afunge kitambaa kingine. Akaniambia nivue nguo nikafundishe nikiwa hivyo, halafu turudi kuzungumza. Sikio la kufa halisikii dawa, nikasema kwa hasira, nikisahau ninazungumza na nani. Akajibu, "Nimesikia hiyo."

Dalili ya kwanza ilikuwa betri. Betri zake ni zile za kifungo, na moja ilizoea kumfikisha Jumapili hadi Jumapili. Ikaanza kuisha katikati ya juma. Nikadhani duka limeniuzia betri za zamani, nikaenda kugombana na mwenye duka, maskini wa Mungu, akanibadilishia. Hizo nazo zikaisha upesi zaidi. Ndipo nilipokibeba chuoni, nikakaa nacho mchana mezani, mkanda mkononi, na kukipima kikiwa kimezimwa. Kifaa kilichozimwa hakipaswi kunywa kitu. Hiki kilikuwa kinakunywa. Nilisafisha vyuma vinavyogusa betri, nikakagua swichi kwa hadubini, nikapima tena. Kinakunywa tu. Kuvuja kulikuwa ndani ya chipu, ndani ya ule ukuta wa kioo, chini ya gundi nyeusi isiyofunguka, na chipu nzima haikuzidi punje ya mchele.

Nilijua kila kitu. Nilijua ni kwa nini na ni wapi, ningeweza kukichora ubaoni kile kilichotokea, atomu kwa atomu. Na hakukuwa na chochote cha kufanya.

Mtaalamu wa masikio hapa mjini alimpima mama tena. Akasema kifaa kipya kinaweza kuagizwa, kitachukua wiki kadhaa, kitarekebishwa Nairobi. Halafu akanivuta pembeni, jambo ambalo halikuwa na maana kwa kuwa mama hakuwa amevaa kifaa, akaniambia masikio yenyewe yanaondoka haraka, kwamba hata kifaa kipya hakiwezi kukuza kisichokuwepo. Nikaagiza hata hivyo. Mama alituangalia midomo. Alikuwa amekwisha kujifunza kuangalia midomo.

Wakati tunasubiri, Mama wa Juu akaugua. Hakuugua sana, akafa.

Hapa lazima nieleze agano lao. Miaka iliyopita walizika mwenzao, na kaburini kwaya ya vijana ikaja na kinanda na spika, ikaimba kwa kelele mpaka mbwa wa boma lile wakatoroka. Njiani kurudi, mimi nikiendesha gari, wale wawili wamekaa nyuma, Mama wa Juu akasema: "Mimi nikienda, hao watoto wa kinanda wasinikaribie. Unianzishie wewe. Ule wetu."

"Na mimi nikitangulia?"

"Nitakuanzishia mimi, hata kama nina sauti ya kunguru."

"Kunguru ana nafuu," mama akasema, wakacheka mpaka Mama wa Juu akakohoa. Wimbo wao walikuwa nao mmoja, ule waliouimba siku walipopokelewa pamoja kwenye umoja. Hilo ndilo lilikuwa deni lake. Habari ya kifo ilipofika hakulia mbele yangu. Alitoa kifaa, akakiweka kwenye kiganja changu, akasema, "Kinifikishe kaburini. Baada ya hapo kife."

Nikafanya kazi kama mwendawazimu. Nilimtafuta fundi cherehani mjini, nikamshonesha kitambaa cha pamba, cheupe, ukingo wa zambarau, huwezi kukitofautisha na chao ukiwa mbali. Mama alikishika, akakinusa, akakubali. Nilikitunza kifaa chuoni ndani ya mfuko wake maalumu, bila betri, juma zima. Mama akaishi siku hizo katika kimya kitupu, akinionyesha kwa vidole akitaka chumvi, ili kile kitu kisichoke. Nilinunua betri mpya, nikazipima moja moja. Nilipiga hesabu ya kuvuja kwake: betri mpya ingeshika mchana ule na kubaki. Nilikuwa na tumaini. Naandika neno hilo na linaniudhi.

Siku ya mazishi tulifika Rongai mapema. Shamba la Mama wa Juu lilikuwa limevunwa, mabua yamesimama makavu, upepo unatembea ndani yake. Mama alikuwa amefunga kitambaa chake cha pamba. Nilimtilia betri garini, nikamvalisha kifaa kwa mikono yangu, mimi nimeshika chuma cha mlango ili nisimpige kwa stima ya mwili wangu mwenyewe. Nikamwuliza, "Unanisikia?"

"Usipige kelele," akasema. "Nakusikia."

Nilimwona akigeuza kichwa kusikiliza mabua. Kisha nikaenda kuegesha gari mbali, kwa sababu wenye hema walisema limeziba njia.

Sasa wana desturi yao, akina mama hao. Wakimzika mwanachama hakuna anayejifunga kitambaa mwenyewe. Wanafungana, huyu anamfunga yule, kwa sababu aliyekufa hawezi tena kumfunga mtu. Miaka yote aliyemfunga mama ni Mama wa Juu. Niliijua desturi hiyo, ila nilidhani wakimkuta amekwisha kufungwa watamwacha. Nisichojua ni kwamba umoja ulikuwa umenunua vitambaa vipya kwa ajili ya siku hiyo, heshima kwa mwenzao, bado vimo kwenye nailoni zake. Niliporudi kutoka kwenye gari niliwaona wamemzunguka. Mwenyekiti wao, mama mwema kabisa, mtu wa machozi ya karibu, alikuwa amemvua kile cha pamba na kukikunja vizuri.

"Hiki kimepoteza mng'aro, mama yetu," alikuwa akimwambia. "Leo tufanane wote. Leo nitakufunga mimi."

Akachana nailoni, akakikung'uta kitambaa kipya kwenye upepo ule mkavu, kikalia. Nilikimbia. Mtu mzima, mwalimu, nimevaa viatu vya mazishi, nikakimbia kwenye mabua. Nilipofika alikuwa ameshakizungusha masikioni na kukivuta nyuma kwa nguvu na mapenzi, kama wanavyovuta. Mama alishtuka na kushika sikio. Mwenyekiti naye akavuta mkono na kucheka kidogo. "Kimenipiga," akasema. "Hivi vitu vipya vina moto."

Nilimtazama mama. Nikamwita. Alikuwa akiangalia mdomo wangu.

Nilibadilisha betri nyuma ya jiko la msiba. Nikabadilisha tena. Nilikigonga kwenye kiganja, kitu ambacho ningemfukuza mwanafunzi darasani kwa kukifanya. Ule ukuta ulikuwa umekwisha, na hakuna kifaa duniani kinachorudi kutoka hapo. Nikamshika mama mabega nikatikisa kichwa. Alifunga macho kidogo, kisha akasema wakati ukifika nimbinye mkono.

Tulisimama kaburini. Pasta akaomba kwa muda mrefu, vumbi likaingia kwenye midomo ya watu. Alipotamka amina, nikambinya mama mkono. Alivuta pumzi, kifua kikapanda, mdomo ukafunguka, akaanzisha.

Hakuna sauti iliyotoka. Nasema hivyo lakini si kweli, mimi niliyemshikilia niliisikia, nyembamba, iko ndani ya koo, kama mtu anayejiimbia akichambua mboga. Mwenyewe hakuwa na njia ya kujua. Sauti yake yote aliyoipimia masikioni kwa miaka hiyo yote, siku hiyo aliitoa bila kipimo, na upepo ukaichukua. Akina mama wakasubiri. Walimtazama midomo inavyocheza wakadhani analia. Mwenyekiti, kwa kumhurumia, akaona amwokoe. Akaanzisha wimbo mwingine, kwa sauti kubwa, na wote wakaitikia, na vijana wa kinanda wakawasha spika na kuudaka.

Mama aliona midomo yao yote imefunguka. Akaendelea. Aliimba ubeti baada ya ubeti, uso umenyooka, macho kwenye jeneza, katikati ya wimbo usio wake. Mimi sikuimba lolote. Wimbo wao ulipokwisha yeye alikuwa bado hajamaliza, na akina mama wawili wakaja kumshika mabega, wakimbembeleza anyamaze, Mungu ni mwema. Aliwasukuma kwa kiwiko, akamaliza.

Tulirudi Lanet jioni. Barabara kuu ilikuwa imejaa malori ya nafaka, tukaenda polepole nyuma ya mojawapo. Mama alikuwa amekaa mbele, karibu nami, kifaa kiko mfukoni mwangu. Tulipofika karibu na mjini akanigeukia.

"Waliitikia?"

Nikaitikia kwa kichwa. Ndiyo.

Lori mbele yetu likasimama, nami nikasimama.

"Midomo yao ilikuwa na maneno mengine," akasema, na sauti yake sasa ilikuwa imerudi yote, kubwa mno kwa gari dogo, mpaka mwanamume aliyekuwa akivuka barabara akageuka kutazama. "Yeye angenisikia."